Silabi ya Tatu

Mara ya kwanza dada yangu alipofanya mtihani wa matamshi alipata alama arobaini na nane, na aliyempa alama hizo alikuwa mashine. Hilo la mashine lilimuuma kuliko alama zenyewe. "Ningefelishwa na mtu ningemtazama usoni," aliniambia jioni ile, hajavua hata viatu. "Hii haina uso, mdogo wangu. Ina kitaa cha kijani tu, unazungumza nacho kama mwendawazimu."

Alikuwa mpokea simu wa kampuni ya kusafirisha mizigo kwa miaka ishirini na miwili. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, kina kiti kimoja, feni moja, na ubao wa simu wenye vitufe zaidi ya mia ambavyo alivijua kwa vidole hata umeme ukikatika. Wenzake walimwita Mama Subiri, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni: subiri kidogo, nakuunganisha, subiri kidogo, anakuja. Aliweza kukwambia kwa pumzi ya mtu, kabla hajasema lolote, kama anapiga kulalamika au kuuliza tu. Kiingereza alikizungumza kila siku ya Mungu, na wageni walipomwuliza mara mbili mara tatu amesema nini, alidhani laini ni mbovu. Alikuwa anawaomba radhi kwa niaba ya laini.

Kisha kampuni ikapata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakaja na utaratibu wao. Simu zote zingepokelewa katika ukumbi mmoja, kila mpokeaji na hedifoni zake kichwani, na kila mpokeaji angesomea mashine sentensi arobaini za Kiingereza ili impime. Ukipata chini ya sitini na tano, unapewa barua ya kwaheri. Waliofeli mara ya kwanza walipewa wiki nane na mwalimu. Dada yangu alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kijana mmoja wa ofisini alimtania kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Alimjibu kwamba samaki mkavu hakunjwi, huvunjwa, na yeye bado hajavunjika. Alipofika nyumbani aliingia bafuni akakaa huko muda mrefu, na bomba la maji halikufunguliwa.

Asingeweza kuikosa kazi ile. Nyumba yote ilisimama juu yake, pamoja na dawa za mumewe na yule mtaalamu wa viungo aliyekuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha. Mimi ni fundi cherehani, na ushonaji wangu ulitosha kutupa mboga, haukutosha kutupa paa. Shemeji alipougua nilihamia kwao, mimi na cherehani yangu, ili mchana asibaki peke yake. Ilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Ngazi zake nyembamba zilikuwa na kona mbili, na kwenye kona ya pili jirani alikuwa ameweka pipa la maji ambalo sote tulililalamikia na hakuna aliyewahi kumwambia aliondoe. Shemeji alilala chumba cha nyuma. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la pili, ukinyoosha mkono unaugusa, na mabomba mawili ya maji machafu yaliyoteremka sambamba.

Watu walimwita Fundi Mstari. Kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa kuchora mistari ya barabarani, ile ya katikati, ya pembeni, na ya kuvukia watu. Walivuta kamba, wakapiga chaki, ndipo wakamwaga rangi, na yeye alirudi nyumbani na weupe kwenye kope kama mtu aliyezeeka mchana mmoja. Ukitembea naye mjini hakutazama maduka wala watu. Alitazama chini: aliyepiga mstari huu alikuwa na haraka, huyu alikuwa na njaa, huyu hapa aligombana na mkewe asubuhi. Mwanawe alipokuwa mdogo aliulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani, akajibu anagawa barabara nusu kwa nusu ili watu wasigombane. Shemeji alilirudia jibu hilo kwa kila mgeni mpaka tukalichoka.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akinyoa ndevu. Kilichukua upande wa kulia wote, na kikachukua maneno yote isipokuwa moja. Siku ya nne hospitalini daktari alimwinamia akamwuliza kwa kelele, maana madaktari nao hudhani aliyepooza ni kiziwi, "Mzee, unajisikiaje?" Shemeji alihangaika na mdomo, mate yakamchuruzika, mwisho likatoka neno.

"Barabara."

"Anasema yuko barabara!" nilipiga ukelele, nikamshika dada mabegani. Alilia kwa furaha, na hata daktari alicheka. Hivyo mimi ndiye niliyelifasiri neno lile mara ya kwanza, na tangu siku hiyo ukalimani ukawa kazi yangu, bila mshahara wala likizo. Jirani akija kumjulia hali, barabara. Mwanawe akipiga simu kutoka huko mbali anakofanya kazi, tunamwekea sikioni. "Baba, hujambo?" Barabara. Upande wa pili kijana anashusha pumzi, anasema Mungu mkubwa, anakata simu akiwa na amani. Mtaalamu wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kusema alituonya kwamba wagonjwa wa namna hii mara nyingi hubakiwa na neno moja, na neno lenyewe linaweza lisiwe na maana yoyote, limekwama tu ulimini. Tusilichimbe sana, alisema. Maneno yake hayo niliyapokea kwa mikono miwili.

Siku nyingine Shemeji alilisema mara tano, mara sita mfululizo, huku mkono wake mzima, wa kushoto, ukipiga godoro. Mimi nilikuwa mlangoni pa chumba chake, mguu uko kwenye pedali ya cherehani, sare za shule zimelundikana mpaka magotini. "Ndiyo, shemeji," nilimwambia, "tumeshasikia, uko barabara, mshukuru Mungu. Wenzio wamekufa." Mimi ulimi wangu hauna mfupa. Aligeuza uso kwenye mabomba.

Mwalimu wa dada alikuwa binti mdogo mwenye kucha ndefu na roho nzuri. Siku ya kwanza aliwaambia wanafunzi wake, wote watu wazima wenye wajukuu, kwamba tatizo lao si ujinga, ni adabu. Kiswahili, aliwaambia, kina adabu: mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe fupi liwe refu, isipokuwa vijineno vichache vya kuhesabu kwa vidole. Mtoto hafundishwi, anazaliwa nayo. Kiingereza hakina hiyo. Kila neno limejichagulia pa kukanyagia, na pakishakanyagwa, silabi nyingine zote zinapita mbio kama zinaogopa mvua.

"Sasa mtu atajuaje neno limechagua wapi?" dada aliuliza.

"Hujui, mama. Unakariri."

"Mwanangu, lugha nzima?"

"Maneno mia tatu tu ya mtihani, mama."

Alirudi na karatasi kumi na mbili. Juu ya kila neno mwalimu alikuwa amechora vitone, kikubwa kwa silabi yenye mkazo na vidogo kwa nyingine. Hapo ndipo dada alipogundua kuwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwakanyaga wageni miguu bila kujua. Sisi tunasema meneja na kukanyaga NE. Wao wanasema MA-na-ger. Customer wake alikuwa cus-TO-mer, available yake ilikuwa a-vai-LA-ble, calendar ilikuwa ca-LEN-dar. Yalikuwepo maneno yaliyomhurumia, yale ya in-for-MA-tion na re-ser-VA-tion, ambayo kwa bahati yao yanakanyaga pale pale petu. Aliyaita ndugu zetu, na alipoyafikia kwenye orodha alikaa vizuri kitini kama mtu aliyefika kwao. Kisha likaja photograph. Mkazo uko mwanzo. Photographer, umehamia wa pili. Photographic, umehama tena. "Neno moja linahama nyumba mara tatu!" alifoka. "Hata mpangaji mkorofi hahami hivi!" Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Alijifunza jioni, akitoka kazini, ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha mumewe. Mwalimu alikuwa amemrekodia maneno kwenye simu. Simu inasema, yeye anafuatisha, kisha anajipigia mkono pajani penye mkazo. Lakini hakuweza kufanya mawili kwa pamoja. Mkono wake ulikuwa Mswahili kuliko mdomo, ulipiga silabi ya pili kutoka mwisho hata alipoukataza. Ilikuwa inasikitisha kumtazama. Mwanamke aliyekuwa akiunganisha simu tisa kwa mara moja ameshindwa na paja lake mwenyewe.

Shemeji alikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga na kijiko, vyombo vyake vya kutuitia. Jioni moja ya wiki ya pili simu ilisema available, na kabla dada hajafungua mdomo kopo likalia mara moja, pale pale pa VAI. Tukatazamana. Simu ikasema customer. Kopo likalia juu ya CUS. Shemeji hakujua Kiingereza. Alichojua ni yale maneno mawili matatu ya vibao vya mafundi barabarani. Ila masikio yake hayakuguswa na kiharusi, na hakuwa na la kufanya mchana kutwa ila kusikiliza. "Mume wangu!" dada alisema. "Kumbe wewe ndiye mwalimu!" Mdomo wa Shemeji ulijivuta upande mmoja, na sijui kama niliwahi kumwona akicheka tena isipokuwa jioni zile.

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Simu inasema, Shemeji anapiga kopo, dada anatamka. Akikosea, kopo linalia tena, kwa hasira. Akipatia, kijiko kinatulia. Yule Fundi Mstari aliyekuwa hawezi kuona mstari uliopinda akanyamaza, alikuwa sasa hawezi kusikia neno lililopinda. Alama za dada katika majaribio zilipanda hadi hamsini na tano, zikapanda hadi sitini. Mwalimu alimwuliza nani anamfundisha nyumbani, naye akasema ni mume wangu, na binti akadhani mume ni profesa. Ilikuwa furaha, nakiri. Lakini kila mwisho wa somo dada alimpangusa mumewe midomo, akamwuliza, "Umechoka? Uko salama?" Naye akajibu barabara. Dada akasema, "Barabara kabisa," akazima taa ya chumba. Kopo lililia nyuma yake gizani, mara moja. Alidhani anamuaga.

Wiki ya saba, siku ya Jumatano, alirudi amechangamka kwa jambo alilofundishwa. Kulikuwa na neno record. Ukikanyaga mwanzo, ni rekodi yenyewe, kitu. Ukikanyaga mwisho, ni kurekodi, kitendo. "Mwalimu amesema nini leo? Amesema, mama, ukikosea mkazo mtu hasikii kosa. Anasikia neno jingine. Hakusahihishi kwa sababu hajui kama umekosea. Mnaachana kila mmoja na lake." Alilisema hilo akinitazama mimi, kisha mumewe, akingoja tushangae naye.

Kopo lililia.

Shemeji alikuwa ameinua kichwa kwenye mto, jambo ambalo mtaalamu wa viungo alikuwa akimwomba kwa miezi. Alisema neno lake, taratibu, na kwa kila silabi alipiga kopo. Kidogo. Kidogo. Akapiga kwa nguvu mpaka kijiko kikapinda. Kidogo. Akalirudia. Kidogo, kidogo, kikubwa, kidogo.

Dada alisimama pale na karatasi zake. Alichofanya baadaye alikifanya kama mwanafunzi aliyezoea: alichukua penseli akachora vitone vinne pembezoni mwa ukurasa, cha tatu kikubwa. Alivitazama. Nami nilivitazama kutoka mlangoni, na moyo ukanishuka, maana kila mtu aliyezaliwa na Kiswahili anajua kwamba yule mwenye hali njema hukanyaga silabi ya pili kutoka mwanzo. Baràbara, tunasema, mambo yako sawasawa. Hicho ndicho kimojawapo cha vijineno vile vya kuhesabu kwa vidole. Anayekanyaga ya tatu, kwa kanuni ile ile ya maneno yetu yote, anataja njia ya magari.

"Barabara?" dada aliuliza, akikanyaga ya tatu. "Barabara ya kupita? Unataka barabarani?"

Shemeji alifumba macho, na machozi yakamtoka jicho la kushoto tu. Miezi saba. Tulikuwa tumemwambia amshukuru Mungu miezi saba, na yeye alikuwa akituomba tumtoe kwenye ule ukuta, tumshushe chini akaione barabara. Dada alipiga magoti kando ya kitanda akauweka uso wake kwenye mkono uliokufa. "Nisamehe. Nisamehe, baba. Nilikuwa kiziwi."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu siku zilizofuata hazikuwa na shetani aliyetuingilia. Zilikuwa na kalenda. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Kumshusha kulitaka wanaume wanne, na wanaume wa jengo lile walikuwa nyumbani Jumamosi tu. Jumamosi iliyokuwa mbele yetu mwalimu alikuwa ameitenga kwa marudio ya mwisho. Dada alihesabu vidoleni, akahesabu tena, akasema itakuwa Jumamosi ya baada ya mtihani, asubuhi na mapema, ameapa. "Subiri kidogo, mume wangu," alimwambia. "Siku kumi tu." Alinigeukia, nadhani alitaka nimwambie kwamba anakosea. Ningeweza kusema nenda kwenye marudio yako, mimi nitawaita wanaume nimshushe. Nilikuwa na sare arobaini za kukabidhi. Nikasema, "Amesubiri miezi saba, dada, atashindwa na siku kumi? Subira huvuta heri." Shemeji alinitazama. Aliendelea kupiga kopo siku zote zile, alipiga vizuri, hakususa hata jioni moja.

Jumatatu dada alipata sabini na moja. Alipiga simu akiwa chooni mwa kampuni, ananong'ona na kulia, akaniambia nimwekee mumewe simu sikioni. Sijui alimwambia nini. Kazi ilibaki yake. Alipewa kiti ukumbini, nambari, na hedifoni mpya zilizokuwa bado na harufu ya plastiki.

Alhamisi mchana nilikuwa nikishona kola. Nilisikia kopo limeanguka sakafuni na kubingirika. Lilikuwa likianguka mara kwa mara, mkono wake wa kushoto nao ulikuwa unachoka. Nilisema, "Nakuja, shemeji," nikamalizia mshono, nikakata uzi. Nilipoingia uso wake wote ulikuwa umeshuka, pande zote mbili, na macho yalikuwa yamepanda juu. Sikumwita kwa jina. Nilipiga yowe tu.

Fundi wa kuchomelea vyuma wa ghorofa ya pili ndiye aliyekuja, na mwenzake mmoja aliyekuwa amekuja kumletea vipimo. Watu wawili. Walimweka Shemeji kwenye blanketi, wakashika pembe, mimi nikashika kichwa. Kwenye kona, fundi alilisukuma pipa la maji kwa mguu, likasogea kwa urahisi tu kama kigoda. Ngazi ambazo nilikuwa nikizisema hazipitiki bila wanaume wanne na Jumamosi tulizipita kwa dakika sita. Najua ni sita kwa sababu nilikuwa nimetazama saa nikimwita mwenye teksi.

Teksi ilikuwa haijafika. Tukamlaza kandokando ya lami, kivulini mwa ukuta, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Magari yalipita. Mstari wa katikati ulikuwa umefutika, umebaki madoa, na ningependa kusema kwamba aliuona. Hakuuona. Macho yake yalikuwa meupe. Nilimwinamia sikioni nikasema, "Shemeji, barabara hii. Umefika," na kinywa chake hakikujaribu kitu chochote.

Nilimpigia dada. Ukumbini simu zao wenyewe hufungiwa makabatini, kwa hiyo nilipiga nambari ya kampuni. Ilipokelewa na sauti ya kurekodiwa ya mwanamke, Kiingereza safi, kila neno limekanyaga pake, ikaniambia kwamba simu yangu ni muhimu kwao na nisubiri. Nilisubiri dakika tisa. Zamani ningempata yeye mwenyewe kwa mlio wa pili. Alipofika hospitalini Shemeji alikuwa bado anapumua, na aliendelea kupumua mpaka Jumamosi asubuhi, saa ile ile tuliyokuwa tumepanga kumshusha.

Ni mwaka sasa. Dada yangu anatajwa ukumbini kama mfano. Mashine ilimpa themanini na nane mara ya mwisho, na wapya wanakalishwa kando yake wamsikilize anavyotamka. Nyumbani hasemi sana. Hawezi tena kusikia mtu akizungumza bila kusikia mahali ulimi unapokanyaga. Anasema masikio yake yamekuwa kidonda kisichofunikwa. Televisheni ameiuza. Kwa kila aliyekuja kumpa pole alieleza kisa kile kile, kwamba mumewe alimwomba kitu kimoja kwa miezi saba kwa Kiswahili fasaha, na yeye hakumsikia mpaka alipofundishwa Kiingereza. Anajilaumu kwa sauti, mbele za watu, anataka wamlaumu pamoja naye. Watu humwambia asijilaumu.

Mimi nililisikia neno lile. Naandika hapa kwa sababu jambo hili halijawahi kunitoka mdomoni. Sikulisikia siku ile ya hospitali. Siku ile kweli nilifurahi nikaropoka. Lakini haikupita wiki moja tangu turudi nyumbani, nikiwa peke yangu naye mchana, hakuna simu, hakuna wageni, cherehani imesimama kwa sababu uzi umekatika. Akalisema. Nikalisikia silabi ya tatu kama ninavyosikia jina langu. Nikamwona anatazama dirishani, kwenye ukuta. Nikaziwaza zile ngazi, na kona, na pipa, na kwenda kuwabembeleza wanaume, na kwamba akishuka mara moja atataka kila siku, na nani mwenye mgongo huo. Nikakumbuka mtaalamu amesema neno linaweza lisiwe na maana. Nikatunga uzi upya nikamjibu, "Mshukuru Mungu, shemeji." Alijua kwamba nimesikia. Ndiyo maana siku zile alikuwa akinigeuzia mgongo mimi, na kumpigia kopo yeye.

Juzi tulikuwa tunakunja nguo. Dada aliacha shati mkononi, akaniuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza saa, "Hivi wewe uliyekuwa naye mchana kutwa, hata mara moja hukusikia?"

"Hapana, dada," nilisema. "Sikusikia."

Akatikisa kichwa, akaniwekea mkono begani.

"Usijitese, mdogo wangu," aliniambia. "Wewe hukufundishwa."